Barua ya Alama za Ng'ombe

Mwaka ule maduka ya Kilosa yalijaa tena bidhaa, na mimi na rafiki yangu tukapata daftari bila kupanga foleni. Tulilitenga kwa kazi moja tu: lugha yetu. Maneno tulikuwa tumeshayatunga njiani kwenda shule, ila kuyaandika kwa herufi za mwalimu tulikataa katakata. Kila mtu angeyasoma!

Familia ya rafiki yangu ilikuwa imehamia kijijini kwetu Masanze na mifugo yao kutoka kanda ya ziwa. Ng'ombe wao na wa jamaa zao walichomwa alama kwa chuma cha moto, kila mwenye zizi na alama yake: duara lenye mkia, vijiti viwili, upinde. Tukazichukua zote zikawa herufi. Nilifurahi mno! Ile ya baba wa rafiki yangu tuliipa sauti ya a, inayojirudia kuliko zote, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuchora.

Ndiyo kwanza tumemaliza barua yetu ya kwanza, baba yake akatutokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akainama. Shule hakuwahi kuiona, lakini alipitisha kidole kwenye mistari yetu, akisoma: "Huyu wa shemeji, huyu wa jirani, huyu wangu, huyu wangu, huyu wangu..."

Uso ukamkunjuka. "Kumbe ng'ombe wangu ni wengi hivi!"

Akaagiza tuletewe maziwa, vikombe vikajaa hadi juu.

Tulikunywa macho chini. Barua nzima ilikuwa inamsema yeye, kwa ubahili wake wa maziwa.