Gari la Mwadime Lililosikika Hadi Sagalla

Ipo siku moja ambayo hainitoki moyoni, mwanangu, na kila ninaposikia vijana wa Voi wakipita na magari waliyoyafungua mabomba ya moshi ili yapige kelele, siku hiyo hunirudia yote pamoja na vumbi lake. Kaa hapo nikueleze. Mimi sina haraka, na wewe leo huendi kazini.

Wakati huo nilikuwa msichana, bado sijaolewa, naishi na mama yangu huku juu Sagalla. Vita vya Mjerumani vilikuwa vimekwisha, lakini baba yetu, aliyechukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi, hakurudi, wala hatukuambiwa alizikwa wapi. Tulibaki watatu: Mama, mimi na kaka yangu Mwadime. Mama hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, ila alikuwa na tabia moja. Mtu wake akichelewa, alitoka nje akasimama pembeni mwa boma, akisikiliza. Hakuita, hakuuliza. Alisikiliza tu.

Mwadime alipata kazi kwa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba la mkonge kule tambarare. Alianza kwa kukata mkonge, kisha ikaonekana mikono yake inaelewana na mashine, akafundishwa kuendesha gari. Na halikuwa gari la kubebea mizigo. Lilikuwa gari la mbio, dogo, jekundu, limelala karibu na ardhi, lina viti viwili tu na halina paa. Magari yenyewe yalikuwa machache siku hizo, na la namna ile tulikuwa hatujaliona.

Bwana wa shamba alilipenda gari lake, ila sauti yake haikumridhisha. Alisema linanong'ona. Basi akamwagiza Mwadime alipeleke kwa Fundi Athumani, mzee wa Kimombasa mwenye karakana nyuma ya maduka ya stesheni, wakalipatie sauti. Walilala chini ya gari wote wawili, wakaitoa salensa, yaani ule mkebe wa chuma unaomeza kelele, kisha wakaunga bomba pana lililonyooka moja kwa moja hadi nyuma. Mwadime alinieleza kwamba lilipowashwa, kuku wa fundi walitawanyika wakaonekana tena jioni.

"Haya bwana dereva," Fundi Athumani alimwambia huku akijipangusa mikono, "sasa hata waliolala makaburini Mombasa wanajua kuwa una kazi."

Jumapili iliyofuata Mwadime alipanda mlima kuja kutuona. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona tena kwa mtu mzima. Alikaa karibu na Mama, akamshika mkono.

"Mama, usisimame tena pale nje ukijiuliza," alisema. "Kila Jumamosi nitakuwa naenda stesheni kuchukua vitu vya bwana vinavyokuja na treni. Nikifika hapa chini ya mlima nitakanyaga mafuta. Ukisikia mngurumo, ujue mwanao ni mzima."

"Na wewe mwenyewe utapanda lini?" Mama akamuuliza.

"Nitapanda, Mama. Kazi ikipungua."

Nami nikuambie ukweli, mwanangu, ile sauti ilikuwa tamu. Mpaka leo naikumbuka. Ilianza mbali kama nyuki ndani ya mzinga, ikakua, ikapanda na mabonde, mbuzi wakainua vichwa, na sisi tukaacha majembe. Mama aliinua uso, akasema neno moja, "Yupo," akaendelea kulima. Majirani walitupigia kelele kutoka mashambani mwao, "Mwanenu huyo anapita," na sisi tukajisikia watu wakubwa. Hata watoto walijifunza kuuiga ule mngurumo kwa midomo.

Jumamosi zikapita hivyo, mvua ikaja, ikaondoka. Mwadime hakupanda tena. Na kwa nini apande? Tulikuwa tumeshamsikia.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya kiangazi. Unajua maji ya huku yalivyo, na wakati ule yalikuwa mbali zaidi. Mama alikwenda chemchemi asubuhi na kibuyu chake mgongoni. Wakati wa kurudi aliteleza kwenye mawe, akaanguka. Nilipomfikia alikuwa amekaa, ameushika mguu juu ya goti kwa mikono yote miwili, na mguu wenyewe ulikuwa umegeuka vibaya. Mimi na wanawake wenzake tulimbeba hadi nyumbani.

Mara nikakumbuka kuwa ni Jumamosi. Nikasema moyoni, Mungu yupo. Nitashuka nimsimamishe Mwadime barabarani, apande na wanaume wamteremshe Mama, na gari lile litamfikisha hospitali ya Voi kabla jua halijazama.

Nilikimbia njia yote ya kushuka. Nilifika barabarani, na sikukaa sana kabla ya kulisikia gari. Nikaifungua leso yangu kichwani, nikasimama ukingoni na kuipunga kwa nguvu zangu zote. Nikamwita kwa jina lake. Nikalia, "Mama ameanguka." Gari likatokea kwenye kona, jekundu, na nyuma yake ukuta wa vumbi.

Aliniona, mwanangu. Hilo ndilo lililoniuma. Aliniona vizuri sana. Akacheka, akainua mkono, akanipungia. Kisha akakanyaga mafuta zaidi ili anifurahishe, sauti ikapasuka masikioni mwangu, akapita. Nilibaki na leso mkononi na harufu ya petroli. Midomo yangu aliiona ikifunguka, lakini kwake ilikuwa ya dada anayeshangilia.

Nikatembea hadi Voi kwenye jua lile. Nilimkuta mbele ya maduka, watu wamelizunguka gari, yeye anawaeleza habari za bomba. Aliponiona uso, aliacha kueleza.

"Nilikuita," nikamwambia.

"Nilidhani unanisalimu."

"Mama amevunjika mguu. Nilikuita mpaka sauti ikanikauka."

Akawaita wanaume wawili wa pale sokoni. Tukaondoka sote wanne, wao wakining'inia nyuma ya viti. Gari tuliliacha chini ya mlima, kwa kuwa njia ya magari ya kupanda juu haikuwapo, na tulipomteremsha Mama kwenye kitanda cha kamba jua lilikuwa limeshazama. Tukamkalisha kwenye kile kiti cha pili, nami nikajibana nyuma yake. Mwadime alipowasha, Mama alijikunja na kuziba masikio, na kila gari liliponguruma mguu wake uliruka kwa maumivu. Kaka yangu aliendesha polepole mno, machozi yanamtiririka, akijaribu kulinyamazisha gari ambalo yeye mwenyewe alilifundisha kupiga kelele.

Pale hospitali, alipokwisha kufungwa mguu, Mama alimwita karibu. Hakumgombeza. Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza habari za shamba.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakusikia kila juma. Ni wewe uliyekuwa hutusikii."

Mguu uliunga, lakini uliunga mfupi, na tangu siku hiyo Mama alitembea kwa mkongojo. Mwadime alimwomba bwana wake wairudishe salensa. Bwana akacheka, akasema gari ni lake na analitaka lingurume. Basi likaendelea kunguruma. Ila Mwadime alibadilika. Kila Jumamosi alitoka shambani mapema, alipofika chini ya mlima alizima mashine, akapanda kwa miguu. Sisi huku juu tulisikia mngurumo ukija, ukija, kisha ukakatika ghafla. Hapo ndipo uso wa Mama ulipong'aa. Aliniambia, "Ponda kimanga, mtoto anakuja," nami nikaanza kuponda mihogo na maharagwe.

Sikukatazi gari zuri, mwanangu, wala sikukatazi kufurahi. Ujana una sauti yake na mimi niliipenda. Lakini kujulisha watu kuwa upo si sawa na kuwa nao. Ukipita karibu na kwenu, zima mashine, shuka, uingie ndani ukae. Na ukimwona mtu amesimama njiani anakupungia, usidhani anakushangilia. Simama kwanza, umuulize ana nini.

Mungu akulinde barabarani na akufikishe salama kila uendako. Akupe masikio mepesi kwa watu wako. Na siku utakapoita wewe, asikosekane mtu wa kukusikia.