Ufa Uliokwama

Kila anapotaka kumimina chuma, fundi wa kusubu hutandika kwanza nyaya za breki za baiskeli ndani ya kalibu ya mchanga, polepole, kama anayemsuka binti yake.

Agathe alimjia na ugomvi, amebeba kishikio alichommiminia, kile kinachoishikilia moteri kwenye mtumbwi wake. Mawe ya mtoni kule Yanonge yalikuwa yamekitia ufa. “Citoyen, angalia kazi yako.” Fundi akaufuata ufa kwa kidole gumba chenye kovu la moto mpaka ulipokwama kwenye nyaya zilizomo ndani ya chuma, akatabasamu. “Chuma ya kumimina inapasuka tu, mama. Lakini moteri ilianguka mu mayi?” Agathe akawakumbuka wanawe, waliokuwa mtumbwini siku ile. “Hapana, papa. Ilitufikisha.” Fundi akarudi kwenye kalibu. Agathe akajikuta amechuchumaa, anamshikia nyaya.