Ushanga Mmoja Mwekundu

Mwaka wa 2012 nilikuwa nikifundisha biolojia katika shule moja ya upili huko Kakuma. Siku ya somo la protini niliingia darasani na shanga nilizoomba kwa mama yangu kule Lorugum. Niliwaeleza wanafunzi kwamba maagizo ya mwili yamefungiwa ndani ya kiini cha seli, hayatoki. Kinachotoka ni nakala yake, RNA. Ribosomu, kiwanda kidogo cha seli, huisoma nakala hiyo herufi tatu tatu, na kwa kila tatu huongeza asidi amino moja, kama tunavyotunga shanga, mpaka protini ikamilike.

Wavulana walicheka kumwona mwalimu akitunga shanga. Msichana mmoja kutoka Sudan Kusini hakucheka. Kengele ilipolia, alibaki.

"Mwalimu, na herufi moja ikikosewa?"

"Mara nyingine hakuna kinachoharibika. Mara nyingine ni ugonjwa, kama selimundu."

Akaniambia mdogo wake ana selimundu, na katika kambi ya wakimbizi wanakoishi majirani wanasema mama yao amelaaniwa.

Mwaka uliofuata nilimpeleka Lodwar kwenye mashindano ya sayansi. Wenzake walileta majiko ya jua na pampu za maji. Yeye alilaza nyuzi mbili za shanga mezani. Jaji akamuuliza kama ni mapambo ya kuuza.

"Hapana. Huu ni himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu," alijibu. "Na huu ni wa mdogo wangu."

Akamwonyesha mahali ambapo ushanga mweupe umekuwa mwekundu. Herufi moja ya jeni imebadilika, RNA ikainakili vilevile, ribosomu ikatii, na seli ya damu ikapinda kama mundu.

"Ameirithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Hakuna aliyelaaniwa."

Jaji akavuta kiti, akaketi, akamwomba aanze upya.

Tulishika nafasi ya pili, nami nikarudi Kakuma kifua mbele. Lakini fahari yangu kubwa ilinipata Jumapili, nje ya kanisa lao kambini. Msichana alimwelezea mama yake shanga zile kwa Kiarabu cha Juba, majirani wamewazunguka. Mimi niliambulia neno moja tu, RNA. Alipomaliza, mama aliwatazama majirani mmoja mmoja, akasema kitu.

"Anasemaje?" nikamuuliza msichana.

Alikuwa akitabasamu. "Anasema nirudie, kwa sauti zaidi."