Sindano za Gharibu

Tunu alikuwa fundi cherehani wa Kibondo, mjane asiye na mtoto, na mabibi harusi walimfuata hata kutoka Kakonko. Siku alipopapasa uvimbe kwenye titi hakungoja. Alisafiri mpaka hospitali ya rufaa, akaambiwa ni saratani. Daktari alimfafanulia taratibu. Seli za uvimbe ule zilikuwa na vipokezi vingi kupita kiasi, mfano wa milango inayoingiza amri ya kukua. Dawa ya kuifunga milango hiyo ipo, ila aianze mapema.

Akirudi, alipita Kasulu kwa binamu yake Gharibu, mwenye duka la dawa. Walilelewa nyumba moja, wakila sinia moja. Gharibu aliisoma barua ya daktari, akaguna.

"Huko watakukata titi bure, mdogo wangu. Dawa yenyewe ninayo."

Akafungua friji. Mlikuwa na vichupa vidogo vyenye karatasi ya duka lake. Hakumwambia kwamba friji na vichupa alivinunua pamoja, watafiti fulani walipofunga maabara yao.

Tunu aliuza cherehani yake nzuri, akawa anapanda basi kwenda Kasulu kuchomwa sindano. Kila mara Gharibu alisema uvimbe unapungua. Tunu akijipapasa aliuona umekua, akajikaripia kwa kukosa imani. Hatimaye mkono ukamvimba, homa ikamwangusha. Akajikokota hadi zahanati, kichupa kitupu mkobani.

Muuguzi Niyonsaba, mama wa makamo, aliibandua ile karatasi kwa ukucha. Chini yake yalikuwapo maandishi mengine. Aliyasoma, akaomba barua ya hospitali, akayasoma tena.

"Yooo, mwananje, mwanangu! Hii si dawa. Hiki ni kipokezi cha binadamu, kimetengenezwa maabara ili wajaribie dawa. Wameandika: kwa utafiti tu, asipewe mtu."

"Ni kipokezi kile kile kilichonijaa mimi?"

"Kile kile."

Homa haijamwisha vizuri, Tunu akaenda Kasulu. Duka lilikuwa limejaa wateja.

"Kaka Gharibu, ulijua. Ndiyo maana ulibandika karatasi yako juu."

Gharibu aliinama mpaka sikioni kwake. "Wewe ni wa kufa, Tunu. Mimi nilikuuzia matumaini. Wao wangekuuzia nini?" Kisha akawageukia wateja kwa sauti ya huruma. "Mniwie radhi, ndugu zangu. Maradhi yamempanda kichwani."

Wateja walimwonea huruma Gharibu.

Tunu akamkimbilia mama yake mzazi, Bi Adija, aliyeishi uani kwa Gharibu. Alimweleza yote, akasema anakwenda polisi. Mama hakuacha kuchambua mchele.

"Wakimfunga, mimi nitalala wapi? Wewe unaondoka, mwanangu. Sisi tunabaki."

Tunu hakwenda polisi. Alirudi hospitali, akakuta saratani imeshafika kwenye ini. Walimpa vidonge vya maumivu, akarudi Kibondo kushona alichoweza, na kabla masika hayajaisha akafariki.

Gharibu alikuja na ng'ombe na magunia ya mchele. Yeye ndiye aliyeshika jeneza mbele, na watu wakasema ndugu kama huyu ni wachache. Niyonsaba, aliyekaa na wanawake, alisikia sifa hizo mpaka zikamshinda.

"Huyo mnayemsifu," alianza.

Bi Adija akamshika mkono, akaubana. "Dada, tuko msibani. Kula wali wako."