Jiko Lisiende Kitulo

Binti yangu Judith anakaa Makambako na mumewe, Frederick. Nilitoka Kifanya kuwapelekea viazi, nikawakuta wanapanga safari. Mwezi wa kumi na mbili watakwenda hifadhi ya Kitulo kuona maua. Watalala kwenye kibanda cha mbao.

Mjukuu wangu Ema akanishika mkono. "Babu, twende. Utalala kwangu."

"Mke wangu, utanipiga mateke mpaka asubuhi," nikamtania.

"Kibanda chenyewe chumba kimoja," Judith akamwambia. "Babu halali chumba kimoja na mkwe wake. Mwiko."

Tukacheka. Kisha Frederick akaleta jiko jipya la mkaa, akaliweka juu ya mizigo.

"Kule baridi si mchezo, na mvua. Tutafunga madirisha, tuwashe hili ndani, tulale kama tuko Dar."

Nikakaa.

Mke wangu Telesia, mama yake Judith, alilala hivyo. Ilikuwa Tandala, msibani, mwezi wa saba. Wanawake watatu, chumba kimoja, jiko katikati. Mkaa ulikuwa umekolea, hauna moshi. Wakafunga mlango. Asubuhi aliamka mmoja. Daktari alisema ni hewa ya mkaa. Ukoo ukasema ni mkono wa mtu. Judith alishika la ukoo. Mimi sikuwa na nguvu ya kubishana.

"Jiko lisiende," nikasema.

"Baba, mama alirogwa. Kila mtu anajua."

"Yule aliyelala mlangoni, penye upenyo, alipona. Mchawi alimsahau?"

Judith akainama.

"Tutaacha dirisha wazi kidogo, baba," Frederick akasema.

"Baridi ikiuma mtalifunga."

Frederick hakulitoa jiko. Hapo niliogopa zaidi.

"Basi nakuja na mimi," nikasema. "Nitalala nje, mlangoni. Nitagonga mpaka kuche."

"Baba mkwe alale nje kwenye mvua? Watu watanionaje?"

"Chagua."

Akataka kucheka, akaacha. Akalishusha jiko, akaliweka miguuni pangu.

Nikarudi nalo Kifanya. Kabla hawajaondoka niliwapelekea mablanketi ya Telesia, yote, hata lile ninalojifunika.

Siku waliyokwenda, mvua ilinyesha huku tangu mchana. Kule itakuwaje? Niliwaza: mkaa unauzwa kila barabara. Jiko mtu anaazima. Frederick ni mtu mzuri, ila hapendi baridi.

Judith aliahidi kupiga simu asubuhi. Kukakucha. Jua likapanda, simu kimya. Asubuhi ile ya Tandala nayo ilikuwa kimya hivi. Nikatoka nje, nikaingia ndani. Nikakaa karibu na lile jiko. Halijawahi kuwashwa.

Simu ikalia.

"Babu!" Ni Ema. "Hatujalala! Baridi hii! Meno yangu yanagongana, sikiliza!"

Nikaweka mkono juu ya jiko.

"Babu, upo?"

"Nipo, mke wangu. Yagonge tena nisikie."