Ndoo Nne za Mama Syntiche

Kiangazi kikianza hapa Ruashi, malori ya madini hutuachia vumbi jekundu hadi ndani ya sukari. Jirani yangu Germaine, mama wa Syntiche, hakulikubali. Kila siku saa kumi alitoka na maji aliyofulia nguo, ndoo nne, akayamwaga barabarani kuanzia lango lake mpaka langu. Mumewe Rigobert, mstaafu wa reli mwenye kifua kibovu, alikaa kwenye kiti chake akimtania.

“Mama Syntiche, unanywesha barabara. Kesho itakuomba na bukari ya kula.”

Germaine hakumjibu. Ukimjibu Rigobert anacheka, na akicheka anakohoa mpaka usiku.

Mwezi wa nane Germaine alikwenda matanga Likasi. Simu yao ni moja, alimwachia mzee, naye husahau kuichaji, kwa hiyo hakuna aliyejua mama atarudi lini. Alirudi siku ya tano, kitambaa puani, macho mekundu kwa vumbi na kilio.

Vyombo vya siku zote tano vilikuwa vimerundikana uani, havijaguswa. Lakini barabara ilikuwa imelowa, kuanzia lango lake mpaka langu. Rigobert alikaa kando ya ndoo, matope miguuni, akihema.

Germaine alitua mzigo. “Baba Syntiche, na kifua hicho?”

Mzee alisubiri pumzi irudi.

“Sikuyua utarudi siku gani,” alisema. “Njo maana nimemwanga maji kila siku.”