Kitufe Alichokihamisha Pradip

Ghalia Matar yuko mwaka wa kumi na moja sasa kama karani wa shule ya msingi huko ughaibuni, Thornton Heath, na kazi hiyo imemfundisha kwamba watu hawasomi vile mwandishi anavyodhani. Ukiwaandikia wazazi fomu irudishwe kabla ya Ijumaa, nusu yao wataileta Ijumaa yenyewe, na waliobaki watapiga simu kuuliza fomu gani. Kwa hiyo alizoea kuandika kwa sentensi fupi, tarehe ikitangulia, kila kitu kikiitwa jina moja tu.

Ujuzi huo ndio uliomponza.

Mtoto wa ami yake, Jaffar, ni muuguzi katika kituo kidogo cha afya Wete, Pemba. Kituo kilianza kutumia programu ya kompyuta iitwayo Orodha, ya kuweka rekodi za chanjo za watoto. Orodha ni programu huria: haiuzwi, na yeyote anaweza kuichukua na kuibadili. Walioitengeneza ni watu wa kujitolea, na kiongozi wao ni Pradip, bwana wa miaka arubaini hivi anayekaa Harrow. Jina alilichagua yeye, kwa kuwa mama yake alizaliwa Kisumu na neno hilo alikuwa akilisikia nyumbani.

Siku moja Jaffar alimpigia simu Ghalia.

"Dada, huu mwongozo kauandika nani? Unasema, 'Anzisha mfumo kwa njia ya kawaida.' Njia ya kawaida ndiyo ipi?"

Ghalia aliusoma mwongozo wote, kurasa kumi na nne, akaudhika tangu ule wa kwanza. Neno "rahisi" lilikuwamo mara ishirini na mbili. Akamwandikia Pradip kumwambia hivyo, na Pradip akajibu siku ile ile kwa furaha: "Umeona sawasawa. Utaweza kutusaidia?"

Basi akaingia, wala hakujua anaingia wapi. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi asubuhi alikaa kwenye meza ya jikoni akiuandika mwongozo upya, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Na kila alipomaliza, mambo yalibadilika. Akiandika kwamba kitufe cha kuhifadhi kiko chini kulia, Pradip anakihamishia juu kushoto. Akisahihisha, kitufe chenyewe kinageuzwa picha ya wingu. Hakuna aliyemwambia lolote. Habari zote alizipata kwa Jaffar.

"Dada, leo kuna wingu. Nilibonyeze?"

Binti yake, Ummukulthum, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, alimsikia akisonya mbele ya kompyuta. "Mama, hawa watu hawakusikilizi," alimwambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake. "Waache tu."

"Nikiwaacha, Jaffar atamuuliza nani?"

Ukurasa mmoja Ghalia aliuthamini kuliko yote. Ulieleza kwamba ukifunga dirisha la Orodha kabla ya kubonyeza wingu, kila ulichoandika kinapotea. Mwezi wa tatu mwaka huu Pradip aliufuta. Maelezo aliyoyaacha yalikuwa mstari mmoja: "Jambo hili liko wazi, linarefusha mwongozo bure." Ghalia alimwandikia barua pepe kumpinga. Kimya. Akaandika ya pili, kisha ya tatu. Kimya vile vile.

Mwezi wa tano, muuguzi mgeni pale Wete, aliyejifunza kwa mwongozo huo mpya, aliingiza majina ya watoto mia na nne waliochanjwa siku moja. Alipomaliza akafunga dirisha, akaenda zake nyumbani. Asubuhi hapakuwa na hata jina moja. Yeye na Jaffar walizunguka mitaani siku tatu juani, wakigonga nyumba moja moja kunakili kadi walizokuwa nazo kina mama.

"Ule ukurasa wako umekwenda wapi, dada?" Jaffar aliuliza, bila kulaumu, na hilo ndilo lililomchoma Ghalia zaidi.

Mkutano wa mwaka wa watu wa Orodha ulikuwa Jumamosi iliyofuata, katika chumba cha kukodi juu ya maktaba, Woolwich. Treni ya kwanza ilifutwa, ya pili ikasimama njiani dakika ishirini bila maelezo. Ghalia alifika akiwa amekwisha kuudhika hata kabla ya kumuona mtu.

"Karibu, karibu!" alisema Pradip, Kiswahili pekee alichokijua mbali na jina la programu yake. Alikuwa tayari kuonyesha toleo jipya kwa watu kumi waliokuwamo.

"Kabla hujaanza," Ghalia alimwambia, "nipe dakika kumi."

Mfanyakazi wa maktaba, mama wa Kikongo aitwaye Bijou, alikuwa ameingia kuangalia kama chumba kina joto la kutosha. Yeye na Ghalia walikwisha kusalimiana kwa Kiswahili mlangoni. Ghalia akamuomba akae kwenye kompyuta, aufuate mwongozo, aingize majina matano ya kubuni, kisha afunge.

"Na wewe Pradip, usiseme kitu."

Bijou alisoma polepole, kidole kwenye kioo. Aliingiza majina matano bila kosa hata moja, akafunga dirisha. Pradip alifungua mdomo mara tatu, na mara zote Ghalia alimuinulia mkono.

"Sasa fungua tena."

Orodha ilikuwa tupu. Bijou aliitazama, akaondoa mikono kama aliyeungua. "Ni mimi nimeiharibu?"

"Hukuharibu kitu, mama. Wao ndio hawakukwambia."

Hapo Ghalia akawasimulia habari za Wete, watoto mia na nne na zile siku tatu.

"Mbona hukuniambia?" Pradip aliuliza.

"Nimekuandikia mara tatu."

Pradip akafungua simu yake akatafuta. Barua zote tatu zilikuwamo, hazijafunguliwa. Uso ulimshuka. "Nisamehe," alisema, na ilionekana anamaanisha. Akaurudisha ukurasa pale pale, mbele ya wote.

Ndipo Minal, mmoja wa watengenezaji programu, akasema kutoka nyuma, "Lakini ukurasa wa nini? Programu yenyewe inaweza kuhifadhi yaliyoandikwa mtu anapofunga."

Ghalia aligeuka. "Inawezekana?"

"Kazi ya saa moja hivi."

"Saa moja! Miaka miwili naandika onyo la kitu cha saa moja, na hakuna aliyenambia?"

"Hakuna aliyeuliza," Minal alijibu kwa aibu.

Ghalia alikaa chini. Alitamani kupiga kelele, lakini Bijou alikuwa amemshika bega.

Minal aliitengeneza jioni ile ile. Wakakubaliana pia kwamba hakuna kitu kitakachobadilishwa kwenye kioo mpaka Ghalia akisome na kukikubali.

Jumamosi iliyofuata alifungua kompyuta akakuta maombi kumi na saba ya mabadiliko yanamngoja. Ummukulthum alichungulia begani kwake. "Umeshinda, Mama," alisema.

"Nimeshinda nini? Hebu yatazame haya!"

La kwanza lilikuwa la Pradip. Alitaka neno "mtoto" libadilishwe liwe "mpokea huduma." Ghalia akaandika, "Hapana," akaendelea na la pili.